Kifungu cha 246 na darasa langu la Iringa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: historia ya dunia ifundishwe kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita kama somo moja linaloshikana, au tubaki na mgawanyo tuliouzoea, Afrika na karatasi yake, dunia na karatasi yake? Nafundisha Historia hapa Iringa, tahasusi za HGL, HGK na HKL, yaani michepuo inayochanganya Historia na Jiografia, Kiswahili au Kiingereza. Jibu langu ni somo moja. Naomba mnivumilie nikieleza kwa kirefu, maana jambo hili ninalo moyoni tangu nikiwa mwanafunzi.

Nilisoma kidato cha sita kwenye shule iliyo mwendo wa daladala kutoka Kalenga. Kwenye Histori 2, karatasi ya dunia, tukafika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza. Mwalimu wetu, mtu mwenye bidii sana, aliyajaza masharti ubaoni: Ujerumani ilipe fidia, ipunguziwe jeshi, inyang'anywe makoloni, irudishe Alsace na Lorraine kwa Ufaransa. Tukanakili, tukakariri, tukafaulu. Hatukuambiwa kwamba ndani ya mkataba huo huo, kifungu cha 246, limo jina la Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa hapa Iringa aliyepigana na Wajerumani. Kifungu hicho kinaitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa, lililokuwa limepelekwa Ujerumani, kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka thelathini na zaidi. Fuvu lilirudi mwaka 1954, Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolileta Kalenga akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, yule yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Makumbusho ya Kalenga shule ilikuwa inatupeleka. Fuvu tuliliona kwa macho yetu, ndani ya kioo. Mkataba tulikuwa nao kwenye daftari. Hakuna aliyetuonyesha kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja, kwa kuwa fuvu lilikuwa la Histori 1, karatasi ya Afrika, na mkataba ulikuwa wa Histori 2, na walimu wake walikuwa wawili. Mimi nilikuja kukisoma kifungu hicho nikiwa chuoni, na niliumia. Niliona nimenyimwa kitu kilichokuwa changu.

Nilipoanza kushika chaki nikayakuta yale yale kwa wanafunzi wangu. Hawa si watoto wadogo, ni vijana wa miaka kumi na minane, kumi na tisa, wenye akili kali. Mwulize mmoja wao sababu tano za kuanguka kwa Mkwawa, atazimwaga bila kupumua. Mwulize mwaka ule Mkwawa anakufa huko kwingine duniani kulikuwa na nini, atabaki anakutazama. Kichwani mwake Mkwawa anaishi kwenye zamani ya peke yake, zamani ya mikuki na ngao, na Wazungu wa Histori 2 wanaishi kwenye zamani nyingine isiyopakana na ile.

Basi nikaanzisha kipindi ninachokiita cha mwaka mmoja. Nachora mstari ubaoni, naandika 1898, kisha tunaujaza pamoja. Tarehe 19 Julai Mkwawa anajipiga risasi kule Mlambalasi asikamatwe akiwa hai. Agosti, majeshi ya Marekani yanaingia Manila baada ya kuishinda Hispania, na Marekani inaanza kuwa na makoloni yake yenyewe. Tarehe 2 Septemba, Omdurman nchini Sudan, jeshi la Kitchener, jenerali wa Uingereza, linaua watu wa Khalifa, mtawala wa Sudan, wapatao 10,000 katika asubuhi moja, na upande wake waliokufa hawafiki 50. Mwisho wa mwezi huo huo Wafaransa wanamkamata Samori Touré, mtawala aliyewapinga kwa miaka mingi kule Afrika Magharibi na kumpeleka uhamishoni Gabon. Na mapema mwaka huo Ujerumani ilikuwa imeilazimisha China iikodishe eneo la Qingdao kwa miaka 99. Wanafunzi wenyewe ndio wanaosema, siwaambii mimi: kumbe hii ilikuwa kazi moja inafanyika kila mahali.

Halafu tunarudi nyuma, na hapo ndipo utamu ulipo. Nawauliza: pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipouangamiza msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski na kumuua yeye mwenyewe, waliokufa pamoja naye walikuwa akina nani? Wote hujibu Wajerumani. Lakini Wajerumani walikuwa wachache tu. Wengi walikuwa askari Waafrika, na miongoni mwao Wasudani. Wasudani walifikaje Iringa? Afisa wa Ujerumani, Hermann von Wissmann, alikuwa amewasajili Cairo mwaka 1889. Na Cairo walikuwa wanafanya nini? Walikuwa askari wa jeshi la Misri waliobaki bila kazi baada ya wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi utawala wa Misri kule Sudan, kuiteka Khartoum mwaka 1885 na Misri kuipoteza Sudan. Kwa hiyo mtu anapoteza nchi kwa vita vya Mahdi, anatafuta mshahara, anapandishwa meli hadi pwani yetu, anatembea hadi Uhehe, anakufa kwa mkuki wa Mhehe kwa ajili ya Kaisari wa Berlin. Miaka saba baadaye Kitchener anakwenda kuichukua ile ile Sudan.

Mara ya kwanza nilipofundisha hivi darasa lilinyamaza. Kisha binti mmoja akauliza, "Madam, sasa hawa walikuwa upande wa nani?" Swali hilo halina pointi tano. Tulilijadili vipindi viwili mfululizo, kwa Kiswahili, maana ubishi wa kweli kwao hauji kwa Kiingereza, ingawa mtihani utakuja kwa Kiingereza. Mwingine akasema mbona Omdurman rashasha ya Maxim ilimaliza kila kitu na Lugalo haikusaidia? Wakatafuta wenyewe: msafara wa Zelewski ulikuwa na rashasha na mizinga, ila ulivamiwa njiani, umenyooka mstari mrefu, silaha hazijapangwa, vichaka vimewaficha Wahehe. Omdurman ni uwanda mweupe. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeniandikia tena "Afrika ilishindwa kwa sababu ya silaha duni" akaishia hapo.

Sasa niseme neno kuhusu walioyatenganisha masomo haya, kwa kuwa hawakuwa wajinga. Shule za mkoloni ziliwafundisha wazee wetu historia ya Uingereza kana kwamba huku hakukuwa na watu. Baada ya uhuru wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Terence Ranger tangu 1963 na Walter Rodney baada yake, walipigana Afrika iwe na historia yake yenyewe, ikae katikati. Karatasi ya Afrika ni ukuta uliojengwa kuilinda. Hofu kwamba ukiubomoa Ulaya itaimeza Afrika tena ninayo hata mimi. Nimesoma notsi za "historia ya dunia" ambamo Afrika inatokea meli za watumwa zinapotia nanga, inapotea, inatokea tena Berlin mwaka 1884, inapotea tena. Kama somo moja ndiyo hilo, afadhali ukuta ubaki. Mimi nasema kianzio kiwe hapa tulipo, njia itoke hapa iende duniani na irudi.

Na hapa Nyanda za Juu Kusini hatuna shida ya vianzio. Mdororo mkuu wa uchumi wa 1929 unafundishwa kwa foleni za mikate za Marekani. Mimi naufundishia Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Bei ya mkonge na kahawa ilipoporomoka, thamani ya dhahabu ilipanda. Uingereza iliacha kuifunga pauni yake kwa dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 Rais Roosevelt wa Marekani akaipandisha bei ya wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi 35. Watu wakamiminika Lupa, machimbo ya huko Chunya. Mwanafunzi wangu anayetoka Makongolosi aliposikia kwamba machimbo ya kwao yalichangamka kwa uamuzi wa Washington, aliandika insha ndefu kuliko zote alizowahi kuniandikia. Vita Baridi ipo kituo cha TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, Makambako: Ian Smith, kiongozi wa walowezi, anajitangazia uhuru wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) tarehe 11 Novemba 1965, shaba ya Zambia iliyopitia huko inakosa njia ya kuaminika ya kwenda baharini, nchi za Magharibi zinakataa kujenga reli, China inakubali mwaka 1967, na kufikia 1975 kilomita 1,860 zimelazwa.

Kuhusu Ifunda nataka nikae kidogo. Wengi wanaopita barabara kuu ya Iringa kwenda Makambako hawajui kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland pale, na nyingine Kidugala upande wa Njombe. Stalin, mtawala wa Urusi, aliwahamisha kwa nguvu kutoka kwao mwaka 1940 na 1941, akawatupa Siberia na Kazakhstan. Hitler alipoivamia Urusi, Stalin akawaachia, wakashukia Iran, na kuanzia 1942 maelfu yao, wengi wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki. Vijana wangu wamezoea kwamba mkimbizi ni Mwafrika na mwenye kutoa hifadhi ni Mzungu. Kuwaambia kwamba watoto wa Kipolandi walipata usalama Ifunda kunawabadilisha namna wanavyosimama darasani. Ila siwaachi waone ni hadithi ya ukarimu tu: wenye nchi hawakuulizwa, mwenye kuamua alikuwa Mwingereza. Yote mawili wayashike.

Si kila kamba inashika, nakiri. Niliwahi kufundisha viazi mviringo, kutoka milima ya Andes hadi njaa ya Ireland iliyoanza 1845, hadi lumbesa za Njombe, na ugonjwa ule ule wa baka jani unaowatesa wakulima wetu. Darasa lilifurahi mno. Walipoandika, nikakuta wana hadithi ya kiazi na hawana hoja yoyote. Kiazi kilikuwa kimepita mahali pote bila kuuliza nani alilima kwa faida ya nani, na kwa nini Ireland ilikufa njaa huku nafaka yake ikipakiwa melini kwenda Uingereza. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo siunganishi vitu kwa sababu vimefanana. Natafuta sababu iliyotoka huku ikasababisha jambo kule.

Wenzangu wananiambia muda hautoshi. Kweli hautoshi, muhtasari ni mrefu na madarasa yamejaa. Lakini jaribuni jambo dogo kwanza: mwalimu mmoja ashike karatasi zote mbili kwa mkondo mmoja, hata kwa muhula tu, na ukuta wa darasa uwe na mstari mmoja wa miaka badala ya miwili. Halitaki fedha. Kubwa zaidi liko kwa watunga mtihani: liwepo swali moja la lazima linalomtaka mwanafunzi aunganishe tukio la hapa na la kwingine. Likiwepo hilo, walimu nchi nzima watafundisha hivyo bila kuitwa semina. Na katika mtaala mpya kuna Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Lugha yake naishukuru. Ninachoogopa ni daftari la tatu, lisiloungana na yale mawili.

Muhula huu tulikisoma kifungu cha 246 chenyewe, neno kwa neno, nikawaachia waulize. Nilitegemea maswali ya Mkwawa. Kijana mmoja aliyekulia Ilula akanyoosha mkono: "Madam, huu Msahafu uliotajwa kabla ya fuvu ni upi, na umefikaje huku?" Ni kweli. Aya ya kwanza ya kifungu hicho inaitaka Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hijazi, huko Uarabuni, Msahafu wa Khalifa Othman, ambao Waturuki waliuondoa Madina na ikasemekana alipewa Kaisari Wilhelm wa Pili. Miaka yote nilikuwa nairuka aya ile nikilikimbilia jina la babu yetu. Kengele ikalia kabla sijajibu. Kipindi kilichofuata tulianzia Madina.