Kisima cha gesi hujazwa tope la nini?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Kuna fundi aliyewahi kufanya kazi kwenye visima vya gesi huku kwetu Mtwara. Anasema wakati wa kuchimba, shimo huwa limejaa tope muda wote. Kama shida ni kutoa gesi, si tope litaiziba?

JIBU: Fundi wako kasema kweli, na mimi tope hunisumbua kichwa kuliko kekee yenyewe, kile kichwa cha kukatia mwamba kilicho ncha ya mabomba.

Pampu hulisukuma kupitia ndani ya mabomba yanayozunguka, likachomoza kwenye matundu ya kekee, kisha likapanda kwa nje, kati ya bomba na ukuta wa shimo, limebeba vipande vya mwamba. Huku juu huchujwa kwenye chekeche la mota, likarudishwa tangini na kusukumwa tena. Hupoza kekee, na huacha utando mwembamba ukutani ili shimo lisiporomoke. Kwa hiyo ndiyo, linaziba kidogo, na ndivyo tunavyotaka. Baadaye kisima huwekwa bomba la chuma na saruji, kisha hutobolewa kwa baruti maalumu mpaka ndani ya mwamba, kupita huo utando.

Lakini kubwa ni uzito wake, ndio unaoizuia gesi isipande wakati tunachimba. Kila mita 10 za maji hukandamiza kwa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha); kwenye kina cha mita 3,000 ni kama bar 300. Mwamba ukiwa na presha kuzidi hapo, tunaongeza baraiti, unga wa jiwe lenye uzito zaidi ya mara nne ya maji. Tusizidishe, maana tope zito mno hupasua mwamba na kupotelea humo. Kimo chake kikishuka shimoni, gesi inapata upenyo.

Patamu ni wakati wa kutoa mabomba ili kubadilisha kekee. Pale Spindletop, Texas, tarehe 10 Januari 1901, wachimbaji walikuwa wameshabadilisha kekee na wanashusha mabomba, tope likaanza kufoka. Mabomba yakarushwa nje, mafuta yakaruka hewani siku 9 kabla ya kudhibitiwa.

Siku hizi tunahesabu. Chuma kinapotoka, kimo cha tope hushuka, nasi tunajazia kutoka tangi dogo lenye vipimo. Tuseme chuma kilichotoka kina ujazo wa lita 1,000, lakini kisima kimejaa kwa lita 600 tu. Hizo 400 zimezibwa na nini? Na kitu kilichoingia kutoka mwambani, pengine kwa sababu bomba lilivutwa kwa pupa likafyonza kama bomba la sindano. Kazi inasimama, tunaangalia mdomo wa kisima. Tope likiendelea kutiririka lenyewe bila pampu, mchimbaji anafunga vali kubwa za mdomoni kwanza, bosi anapigiwa simu baadaye.