Albamu za roki progresivu ya Italia: anza na Kiitaliano chenyewe, Kiingereza baadaye

Ndugu uliyefungua uzi, umesema Genesis na Pink Floyd wa Uingereza umeshawasikiliza vya kutosha, sasa umesikia kwamba Waitaliano nao walikuwa na roki progresivu yao, ile roki ya nyimbo ndefu ambazo vyombo vinapewa nafasi kubwa, miaka ya 70. Unauliza uanzie wapi, na kama si afadhali uanze na zile albamu walizoimba kwa Kiingereza ili maneno uyaelewe. Hilo la pili ndilo limenikalisha chini kuandika marefu, kwa sababu njia hiyo ya Kiingereza niliipita mwenyewe na ilinichelewesha miaka.

Mimi ni wa Malindi. Kwetu Kiitaliano ni lugha ya kazi. Waitaliano walikuja na kituo chao cha kurushia roketi, San Marco, huko Ngomeni miaka ya 60, wakaja watalii, kisha wastaafu wakajenga nyumba. Lugha yao niliokota jikoni, kwenye hoteli niliyoajiriwa nikiwa na miaka kumi na tisa: kwanza majina ya samaki, halafu matusi ya mpishi mkuu, halafu mengine yote. Muziki wao niliokuwa nikiusikia ni ule wa kupigiwa wageni wakila, na sikuujali.

Palikuwa na mzee mmoja, fundi wa umeme aliyestaafu kutoka Torino, aliyekuja kila Desemba. Kaseti zake alizibeba kwenye mfuko wa plastiki. Siku moja alfajiri, mimi nikitoka zamu ya usiku, aliniita barazani, akaweka wimbo mmoja, akakaa kimya. Ulikuwa "Impressioni di settembre" wa Premiata Forneria Marconi, kwa kifupi PFM, kwenye albamu yao ya kwanza, *Storia di un minuto*, ya 1972. Gitaa taratibu, na sauti ya Franco Mussida karibu na mnong'ono. Mtu yuko shambani asubuhi, umande umemzunguka, analitafuta jua na halipo, nchi bado imelala. Nilikuwa naelewa neno kwa neno. Sauti inapanda kidogo kidogo, unangoja kiitikio, na kiitikio kinapofika hakina neno hata moja. Inaingia Moog, ile sintesaiza ya kwanza kwanza, inalia peke yake juu ya dramu. Yule mtu kafika mahali maneno yamemwishia, na chombo kinapokea pale pale. Nilisimama na viatu mkononi mpaka ukaisha. Mzee akazima, akanipa kaseti iende nami nyumbani.

Sasa kosa langu. Kaseti ile ilipokatika nikaanza kuwatafuta PFM mwenyewe, na nilichopata ni *Photos of Ghosts* ya 1973. Hiyo ndiyo albamu yao ya kimataifa: Greg Lake wa Emerson, Lake & Palmer bendi ya Uingereza, aliwapeleka kwenye Manticore, lebo ya bendi yake, na Pete Sinfield, aliyewaandikia bendi ya King Crimson mashairi, akaandika maneno mapya ya Kiingereza juu ya nyimbo zilizokuwa tayari. Zingatia hapo: maneno mapya, si tafsiri. Muziki kwa sehemu kubwa ni ule ule wa *Per un amico*, albamu yao ya pili, nayo ni ya 1972 pia, na upigaji wao ni wa hali ya juu. Lakini nilisikiliza nikiwa kama mtu aliyeingia nyumba ya ndugu yake akakuta wapangaji. Wimbo "Generale", ambao kwenye albamu ya Kiitaliano ni ala tupu, mwendo wa kijeshi wa dakika nne hivi, huku umewekewa mashairi na umeitwa "Mr. 9 'til 5". Kulikuwa na kimya ndani yake, nacho kikajazwa. Ni "Il banchetto" peke yake iliyoachwa na Kiitaliano chake, na nikajikuta narudia huo tu.

Kwa nini? Nimelifikiria hili miaka mingi, na jibu langu liko kwenye lugha yetu wenyewe. Maneno ya Kiitaliano karibu yote huishia na irabu, kama ya Kiswahili. Mkazo wake mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu: *settembre, rugiada, campagna*, Septemba, umande, shambani. Kiingereza kina maneno mengi mafupi yanayofungwa na konsonanti, na roki ilizaliwa humo, maneno yakigonga pamoja na dramu. Mwitaliano akitaka kuimba hivyo inambidi ayakate maneno yake mkia, na watunzi wao wamelalamika juu ya jambo hilo tangu zamani. Hizi bendi za 1971 hadi 1975 zilifanya kinyume. Ziliacha irabu zivutwe. Mstari unaimbwa mrefu, unaelea, na vyombo ndivyo vinavyogonga chini yake. Ukiweka Kiingereza juu ya mstari uliopimwa kwa irabu, kitambaa kinabaki na kushonwa kunabaki, lakini kiwiliwili si chenyewe. Sisi tunaoimba Kiswahili tunalisikia hilo mara moja, hata asiyejua Kiitaliano. Ndiyo maana nasema usiogope kutoelewa maneno. Sikio lako tayari linaujua mwendo wake.

Na kama umekua pwani una mtaji mwingine. Mtu wa taarabu hashtuki wimbo kuchukua dakika kumi na tano. Amezoea fidla na kanuni zizungumze kwanza, mwimbaji angoje zamu yake. Wenzetu wengi roki progresivu inawashinda hapo hapo, kwenye kungoja.

Basi, orodha yangu, na si kwa umaarufu bali kwa namna ningekushika mkono mimi.

Anza na *Storia di un minuto*, kisha *Per un amico*. Kila moja haifiki dakika 40, kwa hiyo jioni moja inatosha. Jina la bendi, kwa faida yako, lilitoka kwa tanuri la mikate lililoitwa Forneria Marconi, na hilo "Premiata" lina maana limepata tuzo. Msikilize sana Mauro Pagani, mpiga filimbi na fidla. Nitamrudia mwishoni.

Halafu nenda kwa Banco del Mutuo Soccorso wa Roma, na hapo ukae. Ukiniambia nichague bendi moja ya nchi ile, ni hii. Jina lao ni benki ya kusaidiana; Italia ya karne ya 19 wafanyakazi walikuwa na vyama vya kuchangiana, akiugua mmoja wenzake wanamtunza, sawa na vyama vyetu vya mama zetu. Albamu yao ya kwanza, ya 1972, ilitolewa na jalada lililokatwa kwa umbo la kibubu cha udongo. Ndani kuna ndugu wawili, Vittorio na Gianni Nocenzi, mmoja kwenye ogani na mwingine kwenye piano, na mbele yao Francesco Di Giacomo, mtu wa mwili mkubwa na ndevu nyingi, mwenye sauti ya opera iliyojifunza upole. Alifariki 2014 kwa ajali ya gari, na siku hiyo nilizima simu.

Mwaka huo huo wa 1972 wakatoa *Darwin!*, albamu nzima juu ya mageuzi ya viumbe, kuanzia uhai unapotoka kwenye tope mpaka kiumbe anasimama kwa miguu miwili. Ukisoma maelezo hayo unaweza kudhani ni somo la shule. Nenda moja kwa moja kwenye "750.000 anni fa... l'amore". Miaka laki saba na nusu iliyopita, kiumbe ambaye bado si mtu kamili anamwona wa kike anakuja mtoni kunywa maji. Anamtamani, lakini zaidi ya kumtamani anataka kumwambia jambo, na lugha haijakuwepo duniani. Anajua kwamba akijitokeza yule atakimbia, kwa kuwa yeye ni sokwe tu. Di Giacomo anaimba hayo juu ya piano kwa sauti ambayo ingeweza kuimbwa msibani. Nimempigia wimbo huu mke wangu, ambaye roki haitaki kabisa, nikamweleza kisa kabla. Aliniomba nirudie. Usisikilize wimbo huu ukiwa kwenye matatu.

Ya tatu yao, *Io sono nato libero* ya 1973, ichukue mwezi ujao. Ufunguzi wake, wimbo wa mfungwa wa kisiasa, unahitaji mtu ambaye ameshawazoea.

Le Orme wa Venezia ni wepesi zaidi kuingilika. Ni watatu tu, na anayeongoza ni kinanda badala ya gitaa. *Felona e Sorona* ya 1973 inasimulia sayari mbili, moja ina nuru na furaha, nyingine iko gizani, na mizani kati yao inageuka. Peter Hammill wa bendi ya Uingereza Van der Graaf Generator aliiandikia maneno ya Kiingereza, naye ni mshairi ninayemheshimu kweli, lakini bado nakwambia uchukue ya Kiitaliano. Aldo Tagliapietra ana sauti nyembamba, karibu ya mtoto, na wembamba huo unakaa vizuri kwenye lugha yake tu. (Kwa njia, Hammill na wenzake walipendwa Italia kuliko kwao: albamu yao *Pawn Hearts* ilifika namba moja huko. Wasikilizaji wa kule walikuwa tayari kabla ya bendi zao kukomaa.)

Area ni jambo jingine kabisa, na wengi humu watakwambia uwaache mpaka mwisho. Mimi nasema kwa mtu wa pwani waje mapema. Mwimbaji wao, Demetrio Stratos, alizaliwa Alexandria, Misri, wazazi Wagiriki, akakulia kati ya lugha tatu nne. Albamu yao ya kwanza, *Arbeit macht frei* ya 1973, inafunguliwa na sauti ya mwanamke peke yake, kwa Kiarabu, akimwita habibi na kumzungumzia amani. Mara ya kwanza nilidhani nimefungua redio kwa makosa. Kisha bendi inaingia kwa mdundo wa nchi za Balkani ambao huwezi kuuhesabu mpaka uuchezee mguu. Stratos baadaye aliichunguza sauti ya binadamu kama mtu anavyochunguza chombo, akatoa kwenye koo moja sauti mbili kwa pamoja. Alifariki 1979 akiwa na miaka 34.

Napoli wana Osanna, na *Palepoli* ya 1973. Inaanza kama sherehe ya mtaani, ngoma na filimbi za kwao, halafu mtaa unawaka moto. Nzuri, ngumu, haipendi kukatizwa.

Mbili ambazo watu huzitaja kila mara na mimi naomba usianze nazo: *Ys* ya Il Balletto di Bronzo na *Zarathustra* ya Museo Rosenbach. Si kwamba ni mbaya. *Ys* ni giza tupu tangu dakika ya kwanza, na *Zarathustra* imejaa uzito wa ogani na melotroni, kile kinanda ambacho kila kibonye chake hucheza utepe uliorekodiwa fidla au kwaya. Mgeni akianza nazo huona muziki wote huu ni wa kutisha na kujitutumua. Nimewapoteza marafiki wawili hivyo. Museo Rosenbach walitoa hiyo moja enzi zile wakavunjika, na hiyo ndiyo hadithi ya bendi nyingi za Italia: santuri moja, nakala chache, kimya, mpaka wakusanyaji, Wajapani wakiwa mstari wa mbele, walipozifanya zichapishwe upya.

Moja iliyochelewa ndiyo naipenda kuliko inavyostahili pengine: Locanda delle Fate wa Asti, *Forse le lucciole non si amano più*, ya 1977. Jina lake ni kama kusema huenda vimulimuli hawapendani tena. Wakati huo disko imeshika kila mahali, na vijana hawa saba wanatoka na vinanda viwili, magitaa mawili, na nyimbo laini zenye nakshi kama mlango wa Lamu. Haikuuzika. Wimbo wenye jina la albamu unaanza na piano na hauna haraka ya kukufurahisha, halafu sauti ya kukwaruza ya Leonardo Sasso inaingia na kukaa juu ya ulaini wote ule. Mzee wangu wa Torino hakuwahi kuisikia. Nilimwekea mimi, barazani pale pale, Desemba moja, na yeye ndiye aliyenyamaza.

Nilisema nitamrudia Pagani. Aliondoka PFM, na mwaka 1984 akatengeneza na Fabrizio De André, mwimbaji na mtunzi wa Genova, albamu iitwayo *Crêuza de mä*. Si roki progresivu tena. Imeimbwa kwa Kigenova, lugha ya mabaharia wa Genova, ambayo hata Waitaliano wengi hawaielewi, na vyombo ni vya Bahari ya Kati yote, udi ukiwemo. Kuna wimbo wa baharia wa Genova aliyetekwa na Waturuki akaishia kuwa pasha wao. Ukishapita kwa PFM, Banco na Area, weka hii wakati wa magharibi, madirisha wazi. Baba yangu, aliyepiga udi kwenye harusi miaka thelathini, aliisikia kutoka chumba cha pili akaja na kiti chake. Aliniuliza hawa ni watu wa Mombasa au wa Unguja.