Simu ya Laki Mbili Ipimwe Saa Saba Mchana

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Manyoni, kijana anayenunua alizeti vijijini na kuwauzia wenye mashine za kukamua mafuta. Kiswaswadu chake, ile simu ndogo ya vitufe, kimechoka, ameweka akiba ya shilingi laki mbili na nusu, na ananiomba nimtajie simu janja moja tu ambayo akiinunua hatajuta. Nilikusudia kumjibu kwa mistari mitatu, lakini nikajikuta nimejaza kurasa, kwa sababu swali lake lilinirudisha kwenye jambo ambalo nilidhani limekwisha kunitoka moyoni. Halijatoka.

Mimi ni mfanyabiashara wa zabibu za mezani. Nazikusanya kwa wakulima wa Hombolo na Makutupora, nazipanga kwenye kreti, na kuzipakia kwenye basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam. Huku Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila msimu una wiki chache tu ambazo zinaamua kama ada ya watoto italipwa kwa fedha ya mfukoni au kwa mkopo. Zabibu ikishakatwa haina subira ya mahindi, ambayo unaweza kuyafungia ghalani ukasubiri bei ya soko la Kibaigwa ipande. Kwa hiyo katika wiki hizo simu ndiyo ofisi yangu, ndiyo mizani yangu, na ndiyo karani wangu. Ikigoma saa moja, nimefunga duka saa hiyo.

Mwezi Julai 2022 nilinunua simu janja mpya kwa shilingi 185,000 katika duka moja la katikati ya mji, ambalo sitalitaja. Boksi lake lilikuwa limejaa maneno matamu: kamera tatu nyuma, betri ya 5000 mAh, hifadhi ya GB 32, na RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu huitumia kuendeshea programu zilizo wazi, ya GB 2 ambayo muuzaji alinihakikishia kwamba "inaongezeka yenyewe hadi nne". Niliishika pale ndani ya duka, chini ya taa, na nikaiona inang'aa kama sahani ya harusi. Sikuijaribu kwa lolote zaidi ya kupiga picha ya kaunta. Nilirudi nyumbani Nkuhungu nikiwa na furaha ya mtu aliyepata nguo ya sikukuu kwa bei ya mnada.

Mwezi wa Agosti mavuno yalianza. Siku moja nilikuwa shambani Hombolo, saa saba mchana, nikiwa na kreti 28 zilizokwisha kupangwa, na mnunuzi wa Dar es Salaam akanipigia akitaka picha za mzigo kabla hajatuma fedha. Aliahidi kusubiri nusu saa. Nilipotoa simu mfukoni, kioo kilikuwa cheusi kabisa kwa jua; niliinua mwanga hadi mwisho, na bado niliona uso wangu mwenyewe kuliko nilivyoona maandishi. Nikajifunika kanga kichwani pamoja na simu, nikafungua kamera, nikaandikiwa kwamba hifadhi imejaa. Nikaanza kufuta video za vikundi vya harusi na misiba moja baada ya nyingine, simu ikapata moto, ikaganda, ikajizima, ikawaka, na picha ya kwanza ilipoanza kuondoka ikawa inazunguka tu bila kufika. Nilipopata kivuli na mtandao, mnunuzi yule alikuwa amekwisha kuchukua mzigo wa mtu mwingine, na hakuwa na kosa. Zabibu zile niliziuza siku mbili baadaye kwa wasindikaji, kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu mume wangu pia husoma makala zangu.

Nilipoirudisha simu dukani, muuzaji aliniambia mbele ya wateja wengine, "Mama, simu haina shida, shida ni matumizi yako." Shemeji yangu naye alinisomea methali zote anazozijua kuhusu vitu rahisi. Lililoniuma zaidi, na nalikiri leo kwa mara ya kwanza, ni kwamba muuzaji yule alikuwa na nusu ya ukweli. Simu ile haikuwa mbovu. Ilikuwa imetengenezwa kwa kazi nyepesi kuliko yangu, na mimi sikuwa nimemuuliza yeyote swali hata moja la maana kabla ya kutoa fedha.

Baadaye, kwa msaada wa fundi simu anayekaa karibu na Jamatini, nilielewa kilichotokea. Kati ya zile GB 32, mfumo wenyewe na programu zilizokuja na simu, ambazo nyingine hazifutiki, zilikuwa zimekula karibu nusu. Sehemu iliyobaki ilimezwa na picha na video ambazo WhatsApp ilikuwa inazipakua yenyewe kutoka kwenye vikundi usiku na mchana. Memori kadi niliyoichomeka haikunisaidia kama nilivyotarajia, kwa kuwa WhatsApp huweka vitu vyake kwenye hifadhi ya simu yenyewe. Ile RAM "inayoongezeka" nayo haikuwa RAM ya kweli, bali ni kipande kinachoazimwa kutoka kwenye hifadhi hiyohiyo, ambayo ina mwendo wa pole kuliko RAM halisi na ambayo kwangu ilikuwa imekwisha kujaa. Ni sawa na kukopa unga kwa jirani ambaye naye debe lake linasikika kwa kugonga.

Miezi iliyofuata siisimulii. Niliazima simu ya binti yangu na kuirudisha kila jioni kama mtu anayeazima jembe.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 nilianza upya, nikiwa na shilingi 290,000 na hasira ya kutosha. Kwa Jumamosi nne nilizunguka maduka ya mjini kati na ya upande wa Majengo, na kila nilipoingia nilikuwa na ombi moja lililowakera wauzaji wengi: nataka kutoka nje na simu hii, juani, nikiwa na laini yangu ndani yake. Niliacha fedha yote kaunta kama rehani, na bado wapo waliokataa. Anayekataa nilimshukuru nikaondoka. Naomba msomaji wangu alishike hili kuliko mengine yote nitakayoyasema, kwa maana taa ya duka huifanya kila simu ionekane njema, ilhali jua la Dodoma saa saba mchana halimpendelei mtu. Kama huwezi kusoma namba ya simu ukiwa umesimama juani, basi simu hiyo si ya mkulima, si ya bodaboda, wala si ya mama anayeuza mboga Sabasaba.

Nikiwa huko nje nilifanya jambo la pili. Nilifungua kamera, nikahamia WhatsApp, nikapiga menyu ya fedha, nikafungua kikokotoo, kisha nikarudi kwenye WhatsApp. Simu yenye RAM ya kutosha inakurudisha pale ulipoacha, na ile iliyopungukiwa huanza upya kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilipiga pia simu kwa dakika mbili huku nikijaribu kufungua ujumbe wa intaneti, kwa sababu ziko simu ambazo, kwa mtandao unaoutumia, zinashuka kwenye mtandao wa zamani wa 2G au 3G kila unapopiga, na ukiangukia kwenye 2G intaneti husimama hadi ukate. Kwa anayefanya biashara kwa kuzungumza na mnunuzi huku akimtumia picha, hiyo ni hasara ya kila siku.

Kuhusu hifadhi, niliacha kabisa kusoma boksi. Niliingia kwenye mipangilio na kuangalia nafasi iliyobaki siku ya kwanza, kabla sijaweka chochote changu. Hiyo ndiyo hifadhi unayoinunua. Nyingine umeilipia lakini si yako. Niliangalia pia kijisahani cha laini, kwani simu nyingine zina nafasi tatu, laini mbili na memori kadi, na nyingine zina nafasi mbili tu ambazo zinakulazimisha kuchagua kati ya laini ya pili na kadi. Sisi ambao mteja mmoja hutuma fedha kwa mtandao huu na mwingine kwa ule hatuna anasa ya kuchagua.

Kamera sikuisumbukia. Lenzi tatu za nyuma katika simu ya bei hii mara nyingi ni moja inayofanya kazi na mbili za kupamba.

Jambo ambalo watu wa rika langu hawahitaji kukumbushwa, lakini vijana hawalijui, ni namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchi nzima, na asubuhi yake nilishuhudia majirani wakizipiga piga simu zao mapajani wakidhani betri zimeisha. Tangu siku hiyo silipi kabla sijabonyeza *#06# na kuona tarakimu 15, nikazilinganisha na zilizoandikwa kwenye boksi, kisha nikazituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili nijibiwe ni simu ya aina gani. Jibu likitaja simu tofauti na iliyo mkononi mwako, rudisha kaunta na uondoke bila mabishano. Kwa anayenunua iliyotumika naongeza moja: mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako kupitia mipangilio, na ikiwaka tena ikadai akaunti ya mtu wa zamani, jua kwamba unauziwa kufuli lisilo na ufunguo.

Kwa kufungua simu kwa alama ya kidole pia nilipata somo. Vidole vyangu vimechanika kwa kupogoa mizabibu, na simu nne kati ya nilizojaribu hazikunitambua hata kidogo. Muuzaji mmoja alicheka. Nilinunua kwa mwingine.

Simu niliyoichukua hatimaye ilikuwa na RAM halisi ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na nilidai risiti ya mashine pamoja na dhamana ya maandishi kabla sijafungua pochi. Nasema kwa fahari, na sioni sababu ya kuificha, kwamba msimu huu nimeuza kreti nyingi kuliko msimu wowote tangu nianze, na sehemu kubwa ya wanunuzi hao hawajawahi kuniona uso. Wameona picha zilizopigwa shambani saa saba mchana. Shemeji yangu amekwisha kuniuliza mara mbili niliinunua duka gani.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkali kidogo, na wewe uliye na ndoto ya biashara kama yangu unisikilize. Wengi wetu tunachagua simu kama tunavyochagua kitenge, kwa rangi na kwa macho ya wenzetu, kisha tunailaumu kampuni. Tunabishana vijiweni kama Tecno ni bora kuliko Infinix au itel, wakati zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen nchini China, na wakati simu ya jina lilelile huweza kutoka katika matoleo mawili au matatu yenye RAM na hifadhi tofauti. Ndiyo maana sikumtajia kijana wa Manyoni jina. Jina nililolinunua mimi mwaka 2023 leo limebandikwa kwenye simu nyingine yenye matumbo mengine. Na hata simu njema utaiua mwenyewe ukiiacha ipakue kila video ya kila kikundi: ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp leo hii, zima upakuaji wa moja kwa moja, na usiiache simu kwenye dashibodi ya gari juani, kwa kuwa joto huzeesha betri kuliko matumizi. Nimeyasema haya kwa wanawake wenzangu wa kikoba mara nyingi kiasi kwamba nikianza tu wananikamilishia sentensi, na bado kila mwezi yupo anayeniletea simu iliyojaa.

Kijana wa Manyoni nilimwandikia hivi: kwa laki mbili na nusu, tafuta yenye RAM halisi ya GB 4 na hifadhi isiyopungua GB 64, usipoipata, subiri uongeze, na wakati unasubiri usikitupe kiswaswadu, kwa kuwa menyu za fedha za nyota na reli hazihitaji intaneti, na chaji yake itamaliza siku kadhaa huko vijijini. Ukiipata, toka nayo nje juani.

Jana alinijibu. Alikwenda Singida mjini, akaomba kutoka nje na simu, na muuzaji wa kwanza akamwambia kwamba simu si mtama, haianikwi. Wa pili alimtaka anunue kwanza ndipo ajaribu. Wa tatu, mama mmoja mtu mzima, alitoka naye hadi barabarani, akasimama pembeni yake, na akamsubiri asome namba hadi ya mwisho. Simu aliyoipenda inauzwa 290,000, kwa hiyo amerudi Manyoni bila simu, na anasubiri malipo ya magunia sita ya alizeti ili aongeze shilingi elfu arobaini.