London hadi New York: mbona kwenda ni saa 8, kurudi 7?

SWALI: Tiketi yangu inaonyesha ndege itaondoka London 11:00 na kufika New York 14:00. Safari ya kurudi inaondoka 21:00 na kufika 09:00 +1. Yaani kwenda saa tatu, kurudi saa kumi na mbili? Umbali si ule ule?

JIBU: Umbali ni ule ule, kama kilomita 5,540 toka uwanja wa Heathrow wa London hadi JFK wa New York. Saa za kwenye tiketi ndizo zinazochanganya: kila moja ni ya mji wake, tena kwa hesabu ya saa 24. 11:00 ni saa tano asubuhi ya London. 14:00 ni saa nane mchana ya New York, iliyo nyuma kwa saa 5. Kwenda, jumlisha 5: safari ni saa 8. Kurudi, toa 5 kwenye 12: saa 7. Hiyo +1 usiipuuze. Utafika siku inayofuata, na anayekuja kukupokea lazima aambiwe tarehe hiyo.

Angalia pia mwezi. Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho. Katikati hapo tofauti hubaki saa 4. Hali hiyo hurudi, saa zinaporudishwa nyuma, kwa wiki moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Ile saa moja iliyobaki, kati ya 8 za kwenda na 7 za kurudi, huliwa na upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, karibu kilomita 10 hadi 12 kutoka baharini, kuna mkondo wa upepo unaokimbia toka magharibi kwenda mashariki. Majira ya baridi unaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Ukienda New York unakupiga omo, yaani mbele; ukirudi unakusukuma toka tezi, yaani nyuma. Tuseme ndege inakata hewa kwa kilomita 900 kwa saa na upepo ni 80. Kwenda, mwendo juu ya ardhi ni 820, nawe utatumia saa 6 na dakika 45. Kurudi ni 980, saa 5 na dakika 40. Ongeza kama dakika 45 za kupanda, kushuka na kutambaa uwanjani. Kutambaa kumo kwenye muda wa tiketi: huanza ndege inapoachia maegesho na kuisha inapoegeshwa tena, na mashirika huweka akiba kidogo ya foleni. Februari 2020 upepo ulikuwa mkali hata Boeing 747 ya British Airways ikafika London kwa saa 4 na dakika 56.

SWALI: Naweza kupima umbali mwenyewe?

JIBU: Ndiyo, kwa uzi na tufe la dunia, si kwa ramani bapa. Kwenye tufe la kipenyo cha sentimita 30, sentimita 1 ni kama kilomita 425. Vuta uzi ukaze kati ya miji hiyo miwili: utapata sentimita 13. Tazama unapopita. Unapinda kaskazini, karibu na Ireland na Newfoundland, wakati rula kwenye ramani ya ukutani ingekupitisha kusini zaidi, njia iliyo ndefu. Siku upepo ukiwa mkali, marubani huuacha hata uzi huo, kwa kuwa njia ndefu kidogo yenye upepo mzuri hufika mapema.