Kiberiti Kinachofaa kwa Kiko

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mstaafu, na jioni huvuta kiko barazani. Kiberiti changu cha gesi, chenye mwali mkali wa buluu, kimeunguza ukingo wa kiko. Ninunue cha namna gani, na nikitunze vipi? – Msomaji, Upanga.

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Mwali huo una joto kali mno kwa kiko cha mti. Tafuta kiberiti cha gesi chenye mwali laini wa manjano, hasa kile ambacho mwali wake hutokea ubavuni, ili uuelekeze kwenye tumbaku bila kuunguza vidole wala ukingo. Kiberiti cha mafuta, kama vile Zippo, hustahimili zaidi upepo wa baharini, lakini wavutaji wengi hulalamikia ladha ya mafuta katika mikupuo ya kwanza, na mafuta yenyewe huvukiza hata kisipotumika, hali inayozidi katika joto la Dar es Salaam. Kwa hiyo mimi ningechagua gesi.

Kabla ya kukijaza, nenda mahali penye hewa, mbali na moto, ubonyeze vali kwa bisibisi ndogo mpaka mabaki yote yatoke, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani hudhoofisha mwali. Kisha kigeuze juu chini, ujaze, na usubiri dakika chache kabla ya kuwasha. Usikiache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Cheche zikipungua, badilisha jiwe lake mapema, kabla halijasagika na kukwamisha gurudumu.