Jibu: Staunton na watoto, inafaa?

Dada uliyeuliza kama Frontier Culture Museum, makumbusho ya wazi pale Staunton, Virginia, Marekani, inafaa kupeleka watoto: nenda, ila vaeni viatu vya kutembelea. Si jengo la vioo na "usiguse". Ni mashamba yaliyotawanyika, unatoka moja kwenda jingine kwa miguu.

Nyumba za Uingereza, Ireland na Ujerumani zilibomolewa huko kwao, zikavushwa bahari na kujengwa upya hapo. Ukishaziona ndipo unaifikia ile ya magogo ya walowezi, na unaanza kutambua nani alileta nini.

Msiruke boma la Waigbo, watu wa Nigeria ya leo. Kuta za udongo, paa la nyasi, ua katikati, wangu wakasema "mbona kama kwa bibi!" Liko pale kwa sababu mateka wengi waliouzwa Virginia karne ya 18 walitoka pande hizo za Ghuba ya Biafra, Afrika Magharibi. Waelezeni watoto kabla ya kuingia, maana maswali yatakuja tu.

Mmoja wa wangu alinasa kwa mhunzi, akitazama mvukuto ukipuliza makaa hadi chuma kikawa chekundu. Kumtoa hapo ilikuwa kazi.