Barua kwa mwanangu aliye Guangzhou: huyo mwenzako asiyejibu salamu

Babangu,

Hii barua anakuletea binamuyo anayekuja huko kuchukua mzigo, ndio maana wiki mbili zote sikukujibu kwa simu ukadhani nimekununia. Uliniuliza kwenye ile voisi, "Mama, mimi Ijumaa naswali pale kwenye kaburi la Saad bin Abi Waqqas, watu wanajaa mpaka nje, Waarabu, Wasomali, Wachina wenyewe, na hakuna anayetuuliza kitu, sasa hizi habari za Wauighur kufungiwa makambini si fitina za Wamarekani tu?" Halafu mwisho ukatia kama mzaha, ati darasani kwenu kuna kijana wa Urumqi, jina la Kiislamu lakini Ramadhani anakula mchana kantini mbele za watu, na ukimpa salamu anakujibu nihao ya Kichina.

Nimeisikiza mara tatu. Jibu umelitaja mwenyewe hapo mwisho na hukulisikia.

Wewe huko ni mgeni, unaswali na pasipoti ya Kenya mfukoni. Hao Wachina mnaosimama safu moja wengi wao ni Wahui, lugha yao Kichina, ndio hao wa mikahawa ya tambi unayoisifu kila siku (na hata wao siku hizi misikiti yao mingi imetolewa kuba). Wauighur ni watu wengine, zaidi ya milioni 11, lugha yao iko jamii moja na Kituruki na wanaiandika kwa herufi za Kiarabu kama babu zetu walivyoandika Kiswahili. Kwao ni Xinjiang, kaskazini-magharibi ya China, na Urumqi anakotoka huyo kijana ndio mji mkuu wake. Kule chini ya miaka 18 huingii msikitini, na 2017 ikaja sheria ya kupinga msimamo mkali, ndevu "zisizo za kawaida" marufuku, nikabu marufuku. Kwa hivyo usinipimie Xinjiang kwa Ijumaa yako ya Guangzhou.

Na kambi za kuwafungia zilikuwepo kweli. Mwanzo serikali ya China ilikana, Oktoba 2018 ikasema ni vyuo vya ufundi, mwisho wa 2019 ikasema wote wamehitimu wamekwenda zao. Makadirio ni watu milioni moja na zaidi walipitia humo. Kuna orodha ilivuja 2020 kutoka wilaya ya Karakax, majina na sababu ya kila mtu kufungiwa, na sababu zenyewe babangu ni ndevu, ni mtandio, ni kuomba pasipoti. Kuomba tu, hata hajasafiri! Ile mitambo ya polisi ya kuchunguza watu nayo ilimtilia shaka mtu anayetokea mlango wa nyuma badala ya wa mbele. Wewe nyumba hii umeikulia, niambie nani hapa alishatumia mlango wa mbele.

Tena kuna nchi 26 ambazo serikali hiyo iliziorodhesha kuwa nyeti, Muighur akiwa na jamaa huko au alishafika anaweza kuandamwa. Kenya imo. Hebu kaa hapo kidogo ufikirie huyo kijana, na wewe Mkenya mwenye kanzu unamwita kwa sauti "Assalamu alaykum" katikati ya kantini.

Kuna profesa mmoja wa kike, Muighur, Rahile Dawut, kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye ziara, yaani makaburi ya mawalii, na kuandika hadithi na desturi za watu wanaokwenda kuzuru. Wao wanaziita mazar, na wanazipamba kwa bendera na vitambaa kama makaburi ya masharifu huku kwetu Pwani. Si mtu wa siasa kabisa, hata serikali yenyewe ilimpa hela za utafiti. Desemba 2017 alikuwa anasafiri kwenda Beijing na kimya kikaanzia hapo. Binti yake yuko Marekani, alingoja karibu miaka sita, 2023 ndio ikathibitika mamake kafungwa maisha. Mimi hii ndiyo iliyoniliza, manake ukikaa siku mbili bila kuniandikia sili. Na ziara ya Imam Asim karibu na Hotan, huko huko Xinjiang, walipokuwa wakijaa maelfu, imevunjwa.

Wamarekani hawana uchungu na Waislamu, hilo nakubali, ya Iraq tuliyaona. Lakini mlevi akikwambia nyumba inaungua humnusi mdomo, unatazama paa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilitoka tarehe 31 Agosti 2022 ikasema huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Oktoba kule Geneva, kwenye Baraza lao la Haki za Binadamu, ikapigwa kura ijadiliwe tu, mjadala tu jamani, ikaanguka 19 kwa 17. Pakistan ilikataa, Indonesia ilikataa, Qatar ilikataa. Katika nchi za Afrika zilizokuwa kwenye hilo baraza, aliyesema ndio ni Somalia peke yake. Ukiniuliza mbona mashehe wetu kimya, anzia hapo.

Najua utasema Wauighur nao walifanya mashambulizi. Yalikuwepo, 2014 pale stesheni ya Kunming waliuliwa watu 31 kwa visu, na aliyeua ashikwe. Lakini kakako alishushwa kwenye matatu kwa sababu ya ndevu akalala ndani siku mbili, na hakuua mtu.

Na mimi si msafi, mashuka ya dukani yanatoka huko, na pamba ya China karibu yote ni ya Xinjiang. Lebo inataja China, haitaji shamba. Nimeanza kumuuliza yule msambazaji, ananiona mwendawazimu.

Sasa nisikize. Huyo kijana usimwalike tena msikitini, usimpige picha, na wala usimuulize kwao hawajambo. Salamu mpe ya Kichina kama anavyotaka. Kuna makopo mawili ya haluwa, la bluu ni lako, jingine mpe yeye, mwambie mama yangu kapika nyingi.